Ng'ombe Aliyeuzwa Kanisani

Kwanza niliseme hili nilimalize, maana nimechoka kutazamwa kwa huruma. Chuo nilichosoma ni kidogo, ni cha serikali, kiko Iringa, na nilikichagua mwenyewe. Sikutupwa pale. Majibu ya udahili yalipotoka nilikuwa nimechaguliwa vyuo viwili. Kimoja ni kikubwa, kiko Dar es Salaam, kile ambacho ukikitaja tu mbele za watu wanakuagizia soda. Huko walinipa kozi niliyoijaza mwishoni kwa sababu nafasi ilikuwa tupu na sikutaka kuiacha hivyo. Cha pili ni hiki kidogo, na hapo walinipa ualimu wa fizikia na hisabati, kitu nilichokitaka tangu kidato cha pili. Nikatumiwa namba ya siri ya kuthibitisha. Nikathibitisha hiki cha Iringa, nikaweka simu kabatini, nikaenda kumenya viazi.

Siku hizo nilikuwa Mbeya, mtaa wa Soweto, kwa shangazi yangu, dada wa baba, ambaye ni fundi cherehani. Alipojua nilichofanya aliacha suruali ya mteja ikining'inia kwenye sindano.

"Mungu wangu! Watu wanaililia Dar, wewe unakimbilia Iringa kwenye baridi?"

"Shangazi, kwani Mbeya kuna joto?"

"Usinijibu hivyo. Nimeshawatangazia watu wote hapa mtaani kwamba mtoto wangu anakwenda Dar."

"Watangazie tena."

Alininunia mpaka jioni, kisha akanishonea sketi mbili za kwenda nazo chuoni, maana shangazi yangu kununa na kupenda anaweza kuvifanya kwa mkono mmoja. Baba ndiye aliyekuwa mgumu. Nilimpigia Madibira, nyumbani kwetu, akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja tu: hicho chuo kina maghorofa mangapi? Nikamwambia ninalolijua ni moja. "Moja," akasema, kwa sauti ile ile anayoitumia akielezwa kuhusu mtu mwenye ng'ombe mmoja.

Sisi ni Wasukuma. Babu na baba walishuka na mifugo kutoka kaskazini wakifuata majani, wakatua bonde la Usangu kabla sijazaliwa, na baadaye baba akapata mashamba ya mpunga kwenye skimu ya umwagiliaji ya Madibira. Tunalima na tunafuga. Lakini kwa baba mpunga ni chakula na pesa, na ng'ombe ni ng'ombe. Hana kanisa, hana chama, hana mpira. Jioni anakaa nje ya zizi akiwatazama wanavyoingia, na usimwongeleshe mpaka wa mwisho awe ameingia.

Kwa hiyo utaelewa kwa nini sikusahau siku matokeo yangu ya kidato cha nne yalipotoka. Nilikuwa nimefaulu vizuri kuliko mtu yeyote wa kijiji kile mwaka ule. Baba hakujua afanye nini na furaha yake. Alizunguka uani, akaingia zizini, akanionyesha kwa fimbo ndama dume mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, aliyezaliwa wiki ile. "Huyu ni wako," akasema. Kaka zangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Msichana apewe ng'ombe ampeleke wapi? Kwetu ng'ombe wa msichana ni wale wanaokuja kwa ajili yake siku anapoolewa, na hao nao si wake. Walicheka wao, mimi sikucheka. Nilimchukulia baba kwa neno lake. Kila likizo nilipofika nyumbani, kabla sijavua viatu nilikwenda zizini kumtazama ndama wangu, na kila likizo alikuwa amekua.

Chuoni nilipapenda tangu wiki ya kwanza, na nilipapenda kwa ubishi, kama mtu anayependa mchumba aliyekataliwa na ukoo. Darasa letu la fizikia lilikuwa la watu wachache kiasi kwamba ukikosekana mhadhiri anaulizia kabla hajaanza. Wasichana tulitosha kwenye benchi moja na nafasi ya kuweka begi ikabaki. Rafiki yangu wa sekondari aliyekwenda Dar aliniambia majaribio ya maabara huwa anayaona kwa kuchungulia juu ya mabega ya watu. Mimi nilishika vyombo kwa mikono yangu, nikaviharibu, nikafundishwa kuvitengeneza. Mhadhiri wetu wa umekanika aliwahi kunitoa nje kwa sababu nilijibu swali kivivu. "Nenda kafikirie, urudi na jibu la mtu mwenye akili zako," akasema. Nilikaa kwenye ngazi nikiwa na hasira, nikafikiria, nikarudi na jibu. Hakunisifu. Alisogeza kiti kwa mguu nikae. Nionyeshe chuo kikubwa ambako profesa anajua uvivu wako ulivyo.

Nilipanga chumba Kihesa kwa mama mmoja wa Kihehe, mjane, muuguzi mstaafu, Mlutheri wa kufa na kuzikana. Alikuwa na sheria mbili: ukifika salimia kwanza, na Jumapili hakuna mtu kubaki ndani kama si mgonjwa. Mimi sikuwa na dhehebu, basi nikawa nafuatana naye kanisani, na ukweli ni kwamba nilipenda kwaya. Na nilipenda mnada.

Wasiojua niwaeleze. Katika usharika ule, kama ilivyo kwenye sharika nyingi, asiye na pesa taslimu analeta alichonacho. Mwingine analeta maparachichi, mwingine miwa, mwingine kuku. Ibada ikiisha watu wanatoka nje, na mzee wa kanisa ananadi kimoja kimoja, pesa inaingia kwenye kapu la kanisa. Hapo ndipo utakapoona vituko. Kwa kuwa pesa inakwenda kwa Mungu, hakuna anayetaka kununua kwa bei ya soko. Trei la mayai linauzwa bei ya jozi ya viatu, na watu wanashangilia. Na aliyenunua akiwa na moyo, au akiwa na mke anayemtazama, anasema, "Narudisha, kiuzwe tena." Nimewahi kuona jogoo mmoja akiuzwa na kurudishwa mpaka jogoo mwenyewe akalala.

Mwaka wa kwanza ulipita salama. Mkopo ulinipa chakula na malazi na sehemu ya ada, na iliyobaki baba aliilipa baada ya mavuno, akilalamika kama kawaida. Mwaka wa pili kwelea kwelea wakashuka Usangu. Hao ndege wadogo usiwadharau, wakija wanakuja kama wingu, na shamba wanalolala, asubuhi linabaki mabua. Kwetu walilala. Mama yangu alinipigia akasema tu, "Mwaka huu tumelima kwa ajili ya ndege," akakata simu.

Mwisho wa semista tangazo likabandikwa, lile lile la kila mwaka: asiyemaliza ada hapati kadi ya mtihani. Sikukilaumu chuo na silaumu leo, taa na walimu vinalipiwa. Lakini nilijua maana yake kwangu. Nikikosa mtihani ule ningerudia mwaka mzima, na mkopo wangu ungesimama, na mkopo ukisimama ndiyo basi, ningerudi Madibira kusubiri hao ng'ombe wanaokuja kwa ajili ya msichana. Fizikia yangu yote ingeishia kwenye kupima maji ya mfereji.

Nikampigia baba. Akasema bei ya ng'ombe kwetu imeanguka, kila mtu ameuawa na ndege na kila mtu anauza. Akasema atafikiria. Baba akisema atafikiria ujue amekataa kwa adabu. Nilikuwa nimeanza kutokwa na machozi ya hasira, mama mwenye nyumba akanipokonya simu ili amsalimie mzee, kama desturi. Wakaanza na "kamwene" na "mwadila," kila mmoja akimfundisha mwenzake salamu ya kwao, wakacheka, wakahamia kwenye mvua, kisha mama akamsimulia mnada wa Jumapili iliyopita, jinsi jogoo alivyouzwa kwa bei ya mbuzi. Nilikuwa naosha vyombo, nikasikia sauti ya baba imebadilika. Aliuliza ni jogoo wa namna gani. Aliuliza ana kilo ngapi. Aliuliza hao watu wa kanisa hulipa palepale au hukopa.

"Palepale, mzee wangu," mama akamjibu. "Watu wa Iringa tunamwogopa Mungu."

Siku iliyofuata baba akapiga. "Nakuja Jumapili," akasema. "Nakuja na yule wako. Ada itapatikana." Nilirukaruka chumbani kama mtoto. Nilidhani atamuuza machinjioni, au kwa wachuuzi wa nyama. Sikuuliza, na yeye hakusema.

Jumapili ile nilitumwa mapema kwenda kushika viti, kwa hiyo sikumwona akifika. Alikuja na lori la mchele lililokuwa linakwenda Mlandege, hapo hapo mjini, likamshusha Kihesa yeye na ng'ombe, na kibali cha kusafirisha mifugo kikiwa mfukoni, maana baba kwa vibali huwezi kumkamata. Aliuliza kanisa liko wapi, akampeleka ng'ombe moja kwa moja. Mama mwenye nyumba alimkuta getini akiwa na kofia yake, koti refu na fimbo, na kamba mkononi, akamuuliza huyo ng'ombe vipi, baba akamjibu, "Nimeleta mnadani." Yule mama alitokwa na machozi. Alikimbia kwa mzee wa kanisa, mwalimu mkuu mstaafu mwenye sauti ya kengele, kumweleza kwamba mgeni asiye hata Mkristo ametoka Usangu na ng'ombe mzima kwa ajili ya nyumba ya Bwana. Kila mtu katika jambo hilo alikuwa na nia njema. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, hakuna hata wa kumtukana.

Tulipotoka nje nikamwona dume wangu amefungwa kwenye nguzo ya goli la watoto wa shule ya Jumapili, akitafuna majani kama yuko kwake. Baba alikuwa kwenye kiti cha mbele kabisa, kile cha wageni wa heshima. Nikamsalimia kwa magoti, akanigusa kichwa. "Mayu," akaniambia, neno la kwetu la mama, ambalo baba wa Kisukuma humwitia binti yake, "hawa watu wanajua kupokea mtu anayeuza."

Niliona kitu hakijakaa sawa, lakini mnada ulikuwa umeanza. Miwa ikaenda, maparachichi yakaenda, mzee wa kanisa akapandisha sauti.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Leo tuna mgeni. Ametoka mbali, Madibira huko, tunakokula mchele wake. Wengine hapa tumekuja na yai moja, tena limepasuka. Yeye amekuja na huyu!"

Vigelegele vilipasuka. Akina mama wa kwaya walikuja wakicheza, wakamvisha baba kitenge kipya mabegani, wakamzunguka. Nimeishi na baba yangu maisha yangu yote na sijawahi kumwona na sura ile. Usangu mfugaji anatajwa pale ng'ombe wake wanapoingia kwenye shamba la mtu. Hakuna aliyewahi kumpigia vigelegele kwa kuwa nao.

Wakaanza kupandishana wawili, mfanyabiashara wa mbao na muuza nyama wa Mlandege. Bei ilipanda ikapita ile ya Madibira, ikaipita tena, baba akawa anapiga goti kwa kiganja kila inapopanda. Mtu wa mbao akashinda. Akahesabu noti palepale mezani, kama mama alivyoahidi, kisha akainua mikono, akasema kwa sauti, "Narudisha! Auzwe tena!"

Watu wakalipuka. Baba akanigeukia. "Mayu, huyu mtu ni mzima? Amenunua ng'ombe halafu hamtaki?" Kisha akauliza lile lililonimaliza nguvu: "Na pesa yetu anashika nani?"

Ndipo nikaelewa yote kwa mpigo, simu, jogoo, kitenge, kila kitu. Wakati nikitafuta maneno ya kumwambia, dume akauzwa mara ya pili, safari hii kwa muuza nyama, na baba akanyanyuka kwenda mezani na mkono ameunyoosha.

"Nimekuja kuchukua yangu," akasema.

Mzee wa kanisa akacheka kwa moyo mweupe. "Yako mzee wangu umeshawekewa mbinguni!"

Baba hakucheka. "Mimi siko mbinguni. Nataka hela ya ng'ombe yangu. Mtoto anataka ada."

Kicheko kikafa kidogo kidogo kuanzia mezani mpaka nyuma kabisa. Mama mwenye nyumba aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Mzee wa kanisa alivua miwani, na niseme haki yake, alikuwa muungwana. Alishusha sauti. "Mzee wangu, hapa kinacholetwa ni sadaka. Labda hatukuelewana. Nakuuliza taratibu tu: ulitoa, au hukutoa? Ukisema hukutoa tunakurudishia sasa hivi, hakuna neno."

Baba aliangalia meza. Akawaangalia wale akina mama wa kwaya, ambao bado walikuwa wamesimama karibu yake wakihema kwa kucheza. Akakishika kitenge mabegani. Nilijua anachokwenda kusema kabla hajasema, kwa sababu mimi ni damu yake, na aibu inavyotutafuna naijua.

"Nimetoa," akasema.

Wakashangilia kuliko mwanzo. Baba akanyoosha mgongo na kutabasamu, na mwaka wangu wa masomo ukaingia kwenye kapu.

Nilimpenda baba dakika ile, na nilimkasirikia vilevile. Nilisogea mpaka mezani. Sikuinama, wala sikuomba ruhusa.

"Hajatoa," nikasema.

Mzee wa kanisa akanitazama. "Binti, baba yako amejibu mwenyewe."

"Amejibu kuhusu ng'ombe asiye wake. Yule ng'ombe ni wangu. Alinipa mwenyewe nilipofaulu kidato cha nne, mbele ya kaka zangu. Juzi kwenye simu amesema anakuja na yule wangu. Mwenye ng'ombe ni mimi, na mimi sijatoa."

Manung'uniko yakapanda kama maji ya chai. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Huyu binti anabishana na baba yake mbele ya kanisa?"

Nikageuka. "Ndiyo, mama, nabishana. Aliyeshangiliwa ni yeye, mtihani nafanya mimi." Kisha nikamgeukia mzee wa kanisa, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza na sikuona sababu ya kuachia njiani. "Na kanisa halidhulumiwi. Huyu baba wa mbao amemnunua ng'ombe kwangu. Alipomrudisha, ametoa yeye, kwa moyo wake. Pesa ya kwanza ni yangu. Ya pili ni yenu, mbarikiwe nayo."

Yule mtu wa mbao akacheka. "Hesabu ni sahihi," akasema. "Mpeni."

Lakini mzee wa kanisa hakumsikiliza. Alikuwa anamtazama baba, na mimi nilikuwa namtazama baba, na uwanja mzima ulikuwa unamtazama. Kama angesema msichana hana ng'ombe, hakuna mtu pale angemkatalia. Kwetu ndivyo ilivyo na kila mtu anajua. Kama angesema hivyo ningerudi naye kwenye lile lori.

"Mzee wangu," mzee wa kanisa akauliza, "ni kweli ng'ombe ni wake?"

Dume alikuwa akivuta kamba golini. Baba alivua kitenge mabegani, akakikunja vizuri, mara mbili, akawarudishia akina mama wa kwaya. Hakuniangalia.

"Ni yake," akasema.

Pesa niliwekewa mimi mkononi, si yeye. Baba alichukua fimbo yake akaondoka kwa miguu kuelekea Mlandege kulifuata lori. Mama mwenye nyumba alikuwa amempikia kuku wa kienyeji na ugali wa mgeni, tukala wawili bila hamu. "Umemvua nguo baba yako mbele za watu," akaniambia. Nikamjibu kwamba najua, na kwamba Jumatatu nitalipa ada. Alitafuna kwa muda mrefu, halafu akanisogezea paja la kuku.

Nililipa. Nilipata kadi ya mtihani, nikafanya mitihani yote, na ule wa umekanika niliuandika mpaka kidole kikafanya sugu. Nilifaulu. Nyumbani baba hakunipigia. Mama alipopiga alisema, "Baba yako anakusalimia," na nyuma yake nilimsikia baba akikohoa. Shangazi akaingilia kati kutoka Mbeya.

"Muombe baba yako msamaha, yaishe."

"Kwa kosa gani, shangazi?"

"Wewe omba tu. Kosa litajulikana mbele ya safari. Na ungekwenda Dar haya yote yasingetokea."

Sikuomba. Niliumia, nilimkumbuka, nililia mara kadhaa nikiwa peke yangu, lakini sikuomba, kwa sababu ningemwomba msamaha kwa kuchukua kilicho changu, na siku nyingine nisingeweza kukichukua tena.

Likizo ndefu ilipofika nikarudi Madibira wakati wa kupandikiza mpunga. Baba aliniongelesha kwa kupitia watu. "Mwambieni alete maji," anasema, na mimi nimekaa hatua chache kutoka kwake. Sikwenda zizini, sikuwa na mtu wangu kule. Nilishinda shambani na mama, mgongo umeinama, miguu kwenye tope, nikirudi jioni nimechoka kiasi cha kutojali kama naongeleshwa au la.

Kisha akaja ofisa mifugo kuvisha ng'ombe hereni zile za plastiki zenye namba, zinazoonyesha ng'ombe ni wa nani. Nilikuwa natoka shambani na kanga yangu imelowa, matope hadi magotini, nikasimama nje ya zizi kwa kuwa njia ilikuwa imezibwa na ng'ombe. Kaka zangu walikuwa wanawashika, ofisa anatoboa sikio na kuandika jina la baba, anatoboa na kuandika jina la baba. Akafika kwa mtamba mmoja mdogo, mwekundu, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, mama yake yule yule wa dume wangu.

"Huyo usiandike jina langu," baba akasema. "Huyo mimi namchungia tu."

Kaka zangu wakaacha kushika. Ofisa akainua kichwa. "Mwenyewe nani?"

Baba akanyoosha fimbo juu ya migongo ya ng'ombe, kuelekea nilipokuwa nimesimama. "Yule pale."

Ofisa akatazama upande wangu, akatazama nyuma yangu, kushoto na kulia, akimtafuta mwanamume. "Yupi, mzee? Simwoni."

"Mimi," nikasema, nikasukuma ng'ombe waliokuwa njiani, nikaingia zizini na matope yangu, na kumtajia majina yangu yote matatu, taratibu, ili ayaandike bila kukosea.